Motokaa Iliyotoka Katika Kitanda cha Mfumi

(Hotuba ya Kamati ya Usafirishaji iliyosomwa mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tulipotakiwa kusema machache juu ya usafirishaji katika miaka kumi hii, tulidhani ni kazi ya kusoma hesabu tu: safari ngapi, marobota mangapi, mafuta kiasi gani. Hesabu hizo zimekwisha kupigwa chapa, na kila mwenye kutaka atazisoma. Lakini liko swali tuliloulizwa katika kila mkutano tangu mwaka wa tano, nalo halijibiwi kwa tarakimu. Kwa nini Kamati ilinunua Toyota kuukuu kwa fedha ambazo zingetupatia gari jipya la kampuni nyingine? Leo alasiri mtapiga kura juu ya fedha za kununulia lori jingine. Twaona ni haki mjue tuliyoyajua sisi, na mjue pia tulipokosea.

Tuanze mbali kidogo, huko Japani, maana habari yenyewe yamhusu mkulima wa pamba kuliko mtu mwingine awaye yote.

Sakichi Toyoda alizaliwa kijijini mwaka 1867, mwana wa seremala. Jina la ukoo wake, likiandikwa kwa herufi za Kijapani, maana yake ni shamba la mpunga lenye rutuba. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za kijiji, mama yake alifuma nguo kwa kitanda cha mfumi cha mkono. Kijana aliitazama taabu ile, akaanza kuchonga na kufunga mbao, na mwaka 1891 serikali ikamwandikia haki ya kitanda chake cha kwanza. Wanakijiji hawakumwelewa upesi, lakini hakuacha. Mwaka 1924, akisaidiwa na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mtambo ulioitwa Aina ya G. Mtambo huo ulibadilisha uzi wa kupitisha bila kusimama, na uzi mmoja ukikatika, ulisimama wenyewe. Tafadhali likumbukeni jambo hilo la pili. Mtambo usiojua kusimama huendelea kufuma nguo mbovu mpaka jioni, na hasara huonekana sokoni.

Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ilinunua haki ya kutengeneza mtambo huo kwa pauni 100,000. Wale waliokuwa wakiuuzia ulimwengu mitambo ya nguo walinunua elimu kwa mwana wa seremala. Miaka hiyo makampuni ya Kijapani yalikuwa yakinunua pamba Uganda, na nguo za Kijapani ziliuzwa katika maduka ya Afrika ya Mashariki. Hatusemi kwamba pamba ya babu zetu ilipita katika mitambo ya Toyoda. Twasema tu kwamba biashara ya pamba ilitukutanisha na Wajapani kabla hatujaliona gari lao hata moja.

Kiichiro ndiye aliyetaka motokaa. Mwaka 1933 idara ya magari ilifunguliwa ndani ya kiwanda kile kile cha mitambo ya kufumia, mjini Kariya. Walinunua Chevrolet moja ya Kimarekani, wakaifungua skrubu kwa skrubu, wakapima kila kipande. Hapo Kiichiro aliamua neno la busara sana. Magari yaliyojaa Japani wakati huo yalikuwa Ford na Chevrolet, basi aliagiza gari lake litengenezwe kwa namna ambayo vifaa vya magari hayo vingeweza kulifaa, ili mnunuzi akiharibikiwa asikae akingoja. Lori lenyewe halijauzwa hata moja, naye amekwisha kumfikiria mtu atakayesimama kando ya barabara na gari bovu.

Na gari lilikuwa bovu kweli. Lori la kwanza, lililoitwa G1, lilipopelekwa Tokyo mwezi wa Novemba 1935 kuonyeshwa kwa watu, liliharibika njiani, likatengenezwa usiku, likafika maonyeshoni kwa shida. Walionunua waliona mengi zaidi, kwa maana malori yale yalikatika na kukwama mara kwa mara. Mtu aliyekuwa akisimamia uuzaji, Shotaro Kamiya, ambaye alikuwa ametoka General Motors mwaka ule ule, aliweka utaratibu wake: anayefikiriwa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni mwenye duka, na wa tatu ni mwenye kiwanda. Mafundi walitumwa mpaka lori lilipolala, wakalitengeneza bila malipo, wakarudi kiwandani na habari ya kilichokatika, nacho kikabadilishwa katika malori yaliyofuata. Uzi umekatika, mtambo umesimama.

Jina liligeuzwa mwaka 1936 kuwa Toyota, kwa kuwa likiandikwa hivyo kwa herufi nyepesi za Kijapani lina mistari minane, na minane ni hesabu ya bahati kwao. Kampuni ikasimama peke yake mwaka 1937. Bahati hiyo haikuizuia kukaribia kufilisika mwaka 1950. Wafanyakazi waligoma, zaidi ya watu 1,500 wakaondoka kazini, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Majuma machache baadaye vita vya Korea vikaanza, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapona. Kiichiro alifariki mwaka 1952, kabla hajaona jina hilo likienea duniani.

Gari lililotuletea jina la Toyota sisi watu wa njia mbaya lilianza mwaka 1951. Liliitwa BJ, na mwezi wa Julai mwaka ule lilipanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo hakuna gari lililopata kufika. Pamoja na hayo, walipolipeleka kwa serikali kushindana kwa ajili ya jeshi jipya la polisi, walishindwa. Willys ndiyo iliyochukuliwa. Mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Mwaka 1957 kampuni ikafungua duka Marekani, ikapeleka motokaa yake ya fahari, Crown. Katika barabara kuu za huko Crown ilipungukiwa nguvu na kutetemeka, na kufikia mwaka 1960 ikabidi iondolewe sokoni. Land Cruiser, gari la shamba lisilo na adabu za mjini, ndilo lililoachwa kulinda duka. Kufikia mwaka 2019 Land Cruiser milioni 10 zilikuwa zimekwisha kuuzwa ulimwenguni.

Miaka ya katikati tuipite. Hata hivyo si haki kuruka mwaka 2010, ambapo kampuni hiyo, iliyokwisha kuwa kubwa kupita zote, iliita mamilioni ya magari yarudi kwa sababu ya makosa ya pedali na mazulia ya sakafuni. Mwezi wa Februari mwaka huo Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, aliketi mbele ya wabunge wa Marekani akaomba radhi. Katika maneno yake alikiri kwamba kampuni ilikua kwa haraka kuliko ilivyopasa. Sisi wa vyama vya ushirika twaijua haraka hiyo.

Sasa turudi nyumbani.

Katika msimu wetu wa tatu Chama kilinunua lori jipya, la kampuni tusiyoitaja kwa sababu haiko hapa kujitetea. Bei yake ilitufurahisha, na siku lilipofika ngoma zilipigwa. Msimu haujafika nusu, ekseli ya nyuma ikakatika, nalo limebeba pamba ya vyama vitatu vya msingi. Tulitafuta kifaa mjini kwetu, tukatafuta mji wa pili, tukapiga simu bandarini. Hakikupatikana. Lori likalala njiani siku nne, na usiku wa pili mvua ikanyesha. Turubai lilikuwa na matundu, na kosa hilo ni letu wenyewe, si la kampuni. Pamba iliyotoka vijijini ikiwa daraja la kwanza ilipokelewa kiwandani kwa daraja la pili, na wapo wanachama waliomo humu leo ambao ada za shule za watoto wao zilipungua kwa ajili ya usiku ule mmoja. Lori lenyewe lilikaa majuma saba juu ya mawe. Katika mkutano uliofuata mzee mmoja alisimama akatuuliza, "Hivi mlitununulia gari, ama mlitununulia banda la kuku?" Alikuwa na haki, kuku walikuwa wamekwisha kutaga chini ya usukani.

Swali la mzee huyo ndilo lililotutoa ofisini. Safari ya pili hatukwenda kwanza kwa wauza magari. Tulikwenda kwa mafundi, wale wenye karakana za bati na wale wafanyao kazi chini ya miti, tukawauliza swali moja: gari gani, likiletwa hapa limeharibika leo jioni, litaondoka kesho? Waligombana juu ya mengi, lakini jina hilo lilikuwamo katika kila jibu, hasa Land Cruiser yenye injini iitwayo 1HZ. Injini hiyo ilitolewa mwaka 1990. Ni ya dizeli, ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, na pampu yake yaenda kwa vyuma tu, bila kompyuta. Fundi huifungua kwa spana, akaisikiliza kwa sikio. Kifaa kikikosekana duka la kwanza kipo la pili, na kikikosekana kote hung'olewa katika gari lililokufa. Ndiyo sababu tulilipa bei ile iliyowachukiza, kwa pikapu iliyokwisha kutumika miaka mingi.

Tusiwafiche aibu zake. Yanywa dizeli bila huruma. Springi zake za nyuma, ikiwa haina mzigo, hukurusha mpaka kichwa kigonge bati. Bwana Mweka Hazina atatoa ushahidi. Wezi waipenda kama tuipendavyo sisi, na kwa hiyo hulala mahali penye mlinzi. Tena tulipata kuitesa kwa ujinga wetu. Mwaka wa sita tulinunua chujio la dizeli la bei rahisi, limefungwa katika boksi lenye maandishi mazuri. Lilikuwa la bandia. Maji yakapita mpaka ndani ya pampu, na matengenezo ya pampu yakala fedha ambazo zingetununulia machujio halisi kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo kila kifaa kinachoingia huandikwa katika daftari: siku, bei, duka, na jina la aliyekinunua.

Wanachama wetu wachache nao wamejipatia motokaa ndogo zilizotumika Japani. Huuliza kwa nini Mjapani aachane na gari zima kama lile. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi waliuze. Redio zake zina mawimbi ya kwao, ya 76 mpaka 90 au kupita kidogo, basi stesheni zetu nyingi hazisikiki. Mwalimu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, kila akiiwasha motokaa yake sauti ya bibi ilimsemesha kwa Kijapani, naye kwa heshima akiitika, "Marahaba." Mwaka ulipita ndipo akaelezwa kwamba bibi yule alikuwa akisema kadi ya kulipia barabara haijatiwa.

Bwana Mwenyekiti, hatuombi wanachama wapige kura kwa Toyota. Lori la tani nyingi si kazi ya Land Cruiser, na huenda kampuni nyingine ikatufaa zaidi. Tunaloomba ni kwamba fedha zote zisiishie katika kununua. Sehemu moja katika kumi ya bei ibaki benki kwa vifaa na matengenezo, isiguswe kwa jambo jingine, hata kwa sherehe kama hii. Na kabla ya sahihi kutiwa, wakulima wawili watakaochaguliwa na mkutano huu, si makarani wala sisi, wafuatane na Kamati mpaka kwa mafundi wakasikie kwa masikio yao.

Pikapu ipo nje, chini ya mwembe. Dereva atawafungulia boneti wote watakao kuitazama. Daftari lake liko mezani kwa karani, pamoja na ukurasa wa lile chujio.