Miungu ya Kwanza ya Wayunani na Majitu



Naomba masikio yenu kwa habari za Wayunani wa kale, jinsi walivyosimulia asili ya ulimwengu na ya miungu yao. Mshairi Hesiod alizikusanya katika utenzi uitwao Theogonia, yapata miaka 700 kabla ya Kristo. Hadithi zenyewe ni za ajabu, lakini ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu wa kazi: mamlaka hudumu kwa nini, na huanguka kwa nini?

Hapo mwanzo, asema Hesiod, palitokea Chaos, yaani pengo tupu. Kisha akatokea Gaia, ndiye Ardhi. Na Tartaros, shimo la giza lililo chini kabisa. Na Eros, nguvu ya mapenzi. Gaia akamzaa Uranos, yaani Mbingu, akawa mumewe. Wakazaa Titanes 12, sita waume na sita wake. Kisha Kyklopes watatu, wenye jicho moja katika paji la uso, mafundi wa radi. Kisha majitu matatu, Kottos, Briareos na Gyges, kila moja lina mikono 100 na vichwa 50.

Uranos aliwachukia watoto wake, akawaficha ndani ya ardhi wasione mwanga. Gaia akaumia sana, akatengeneza mundu, akauliza nani atakayethubutu. Wote wakanyamaza kwa hofu ila Kronos, kitinda mimba wa Titanes. Huyo akamvizia babaye usiku, akamhasi, na damu iliyodondoka juu ya ardhi ikazaa jamii ya majitu waitwao Gigantes.

Kronos akatawala, lakini hakujifunza neno. Kyklopes na majitu ya mikono 100 walibaki kifungoni. Naye aliposikia kwamba atapinduliwa na mwanawe, akawameza watoto wake mmoja mmoja. Mkewe Rhea akamzaa Zeus kwa siri huko Krete, akampa Kronos jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto mchanga, akalimeza. Baadaye alilitapika pamoja na watoto wote, nalo likawekwa Delphi. Msafiri Pausanias aliandika habari za jiwe hilo katika karne ya pili baada ya Kristo.

Ndipo vita vikaanza: Titanes juu ya mlima Othrys, Zeus na nduguze juu ya Olympos. Walipigana miaka kumi, wala hapakuwa mshindi. Sasa sikilizeni, mabwana, maana hapa ndipo penye kiini. Zeus alitangaza kwamba atakayepigana upande wake hatanyang'anywa cheo alichokuwa nacho, na aliyekosa cheo chini ya Kronos atapewa anachostahili. Wa kwanza kuitikia alikuwa Styx, pamoja na wanawe. Akapewa heshima kwamba miungu yote itaapa kwa jina lake. Kyklopes wakafunguliwa, wakampa Zeus radi. Majitu ya mikono 100 yakatolewa gizani, yakalishwa chakula cha miungu, kisha yakaombwa msaada kwa maneno ya adabu. Yakavurumisha mawe 300 kwa mara moja, na Titanes wakashindwa, wakafungwa katika Tartaros. Hesiod asema fuawe ya shaba ikianguka kutoka ardhini hushuka siku tisa, hata siku ya kumi ndipo ifike huko.

Basi, waliotupwa gizani na wakubwa wa kwanza ndio walioamua vita. Uranos na Kronos walilinda viti vyao kwa kuwadidimiza wengine, na kila mmoja aliangushwa na mwanawe mwenyewe. Zeus aligawa vyeo kwa haki ya utumishi, na enzi yake ikasimama. Lakini tusimsifu kupita kiasi: naye alimmeza mkewe wa kwanza, Metis, kwa kuogopa mwana atakayezaliwa. Hofu ya mwenye kiti haiishi upesi. Dawa yake Hesiod ameitaja waziwazi: kila mtu apewe sehemu yake.