Usitie Sahihi Ukiwa Kitandani

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano wa shirika, Likasi



Mmetuomba tuseme juu ya msaada wa sheria kwa motari aliyeumia barabarani. Tuanze na yale tunayoyaona kila tunapozunguka Kikula, Panda na Shituru.

Vijana wetu wengi waliorudi kutoka Zambia, kutoka kambi za Meheba, Kala na Mwange, walifika bila shamba wala makaratasi. Pikipiki njo kazi iliyowapokea. Lakini kazi hii iko na mitego miwili. Wa kwanza: Zambia watu wanaendesha kushoto, Kongo tunaendesha kuume. Na makamio mengi kwenye barabara kubwa kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yanatoka kusini, usukani wao uko kuume. Dereva akitaka kupita gari lililo mbele yake, haoni vizuri anayekuja. Motari njo anapigwa. Mtego wa pili: kijana amesoma Kiingereza na Kibemba, lakini karatasi za polisi zinaandikwa Kifaransa.

Mnakumbuka Februari 2019, kamio ya asidi ilipata ajali kule Kabwe, upande wa Kolwezi, watu karibu 20 wakafa. Kilio kilisikika mbali kwa sababu walikufa wengi siku moja. Motari anaumia peke yake, na hakuna mwandishi wa habari anayekuja.

Tulimfuata kijana mmoja, jina lake hatulitaji. Kamio ilimugonga, mguu ukavunjika mahali pawili. Siku ya tatu mtu wa mwenye kamio akafika hospitalini na juisi, dola 150 na karatasi. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza redio na mabati. Kijana akatia sahihi. Karatasi ilisema: nimelipwa yote, sitadai tena kitu. Baadaye walimpasua mara mbili, yote kwa deni la jamaa. Musimuite mujinga. Dawa zilikuwa zimekwisha, na kule kitandani hakukuwa na mtu mwingine mwenye makuta mkononi.

Sasa sheria inasema nini? Kode sivili, kitabu cha tatu, kifungu 258, inasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Kifungu 260 kinaongeza kwamba mwenye kazi anajibu kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo hatumdai dereva peke yake, ambaye pengine hana kitu. Tunamdai pia tajiri wake. Tena, asiransi ya gari ni lazima katika nchi yetu tangu 1973. Zamani kulikuwa SONAS tu, lakini sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Njo maana lazima tuangalie kwenye karatasi ya gari: asiransi ni ya nani, na inaisha lini?

Kuna saa inayotembea pia. Kumuumiza mtu bila kukusudia ni kosa la kifungu 54 cha Kode penali, na adhabu yake haipiti mwaka 1 wa kifungo. Kwa makosa ya namna hii, kifungu 24 kinafunga mlango wa parke baada ya mwaka 1. Njia ya kudai malipo kisivili inabaki, lakini ni ndefu zaidi na inakula makuta. Anayesema «tungoje kwanza mguu upone» anaweza kukuta mwaka umepita.

Basi tufanye hivi:

Papo hapo barabarani, mwenzake apige picha: plaki ya gari, karatasi ya asiransi, mahali pikipiki ilipoangukia. Achukue majina na nambari za simu za walioona.

Polisi wa barabara waitwe waandike prose-verbali. Kabla ya sahihi, omba wakusomee kwa Kiswahili. Usilolielewa, usilitie sahihi.

Hospitalini, omba cheti cha munganga kinachosema siku ngapi hutafanya kazi, na kama kilema kitabaki. Kila risiti iwekwe, hata ya pamba na ya teksi.

Mtu akileta makuta, kupokea si kosa. Lakini muandike: «sehemu ya kwanza, si malipo ya mwisho». Mapatano ya mwisho yangoje neno la mwisho la munganga.

Kwa avoka, asiye na uwezo aende komine aombe cheti cha umaskini. Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inataka kila baro liwe na ofisi ya kuwashauri bure watu wasio na uwezo. Ni haki, tusiende kama waombaji.

Wengine wanatuuliza: «Mimi sina permi, nitadai namna gani?» Kukosa permi hakumpi mtu ruhusa ya kukugonga. Ila kama kosa lako limechangia ajali, malipo yanaweza kupunguzwa. Kwa hiyo permi, asiransi yako na kofia ngumu si mapambo. Hata abiria uliyembeba ana haki ya kudai, na pengine atakudai wewe.

Wengine wanasema kesi zinachukua miaka. Ni kweli. Lakini si kila faili inafika tribinali. Mwenye kamio akiona cheti, picha na risiti zimepangwa, anaongea kwa heshima nyingine. Mapatano si mabaya. Mabaya ni yale ya siku ya tatu.

Wafadhili, hapa tunawaomba jambo moja. Mnapenda kulipia avoka, na tunawashukuru. Lakini kesi nyingi zinapotea kabla avoka hajafika, kwa kukosa makuta ya dawa katika juma la kwanza. Mutusaidie kujaza kase ya haraka, ilipe dawa na chakula cha siku zile, ili asiwepo anayetia sahihi kwa njaa. Na zibaki kidogo za safari ya Lubumbashi, kilometa 120 hivi, kila faili inapoitwa kule.

Wanachama, kila kikundi kichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, mmoja wao awe anasoma Kifaransa. Wao njo watakimbia hospitalini na kushika daftari ya karatasi. Majina tuyapate kabla ya kuachana leo.