Tairi Lisomwe Kabla ya Kulipiwa

Mazungumzo ya watumishi wetu na wananchi, Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar

 

Mahali tulipokaa pana jina lenye mafunzo. Forodha ni mahali pa kukagulia bidhaa na kutozea ushuru, na zamani shehena zilizoshushwa kutoka majahazini na melini zilipitia ufukweni hapa kabla ya kuingia mjini. Forodha imeondoka, jina limebaki. Kwa hivyo tumeona inafaa kuzungumza hapa juu ya ukaguzi mwingine, ambao hakuna afisa anayeweza kumfanyia kila mtu: ukaguzi wa mnunuzi mwenyewe, kwa macho yake, kabla ya kutoa fedha.

Anayenunua samaki Darajani hatosheki na maneno ya muuzaji. Humfunua samaki matamvua, akamtazama jicho, akambonyeza mnofu. Lakini mtu huyohuyo akienda kununua tairi la gari, hutazama weusi wake, hupitisha kidole juu ya kashata, huuliza bei, hulipa. Samaki aliyeharibika humharibia mtu chakula cha usiku mmoja. Tairi lililoharibika huwabeba watoto wa skuli, wagonjwa na wageni kwa mwendo wa kasi, na sehemu yake inayogusa barabara ni takriban ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne tu ndivyo vinavyoishika gari isiache njia.

Dereva mmoja wa teksi alitujia na malalamiko ambayo hatujayasahau. Alinunua matairi manne yaliyokwisha kutumika, akaambiwa kuwa ni ya Japani na kwamba ni kama mapya. Kashata zake zilikuwa nene, na ubavu uling'aa kwa rangi. Miezi miwili baadaye, akiwa njiani kwenda Paje wakati wa adhuhuri na abiria wanne garini, uso wa tairi moja ulibanduka wote kama gamba. Aliweza kuizuia gari, na hakuna aliyeumia. Tulipoligeuza tairi lile tukaona tarakimu nne: 0412. Lilikuwa limetengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2012, nalo lilikuwa na zaidi ya miaka kumi siku aliyolinunua. Dereva akatwambia, "Sheikh, mimi nilitazama kashata. Hakuna aliyenambia nitazame tarakimu."

Maneno yake ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Tairi lina umri, na umri huo umeandikwa juu yake. Kashata hueleza tairi limekwenda kiasi gani. Hazielezi limeishi kiasi gani.

Tuanze basi na umri. Ubavuni mwa tairi, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki ya mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kuwekwa katika gari yoyote. Mara nyingine tarehe huwa upande mmoja tu, na upande huo ukawa umelazwa chini au umegeuziwa ndani ya gari. Mwombe muuzaji aligeuze. Asiyetaka kuligeuza tairi amekwisha kukujibu.

Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Hewa na joto huukausha, na jua la kwetu huuharakisha. Dalili yake ni nyufa nyembamba kama nywele, ubavuni na katika mifereji baina ya kashata. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6. Baadhi ya watengenezaji wa matairi huruhusu zaidi, kwa sharti kwamba kuanzia mwaka wa 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linaonekana zima. Sisi tunaoishi katika joto hatuna sababu ya kungoja ukomo huo wa mwisho. Na hesabu hii ilihusu pia tairi la akiba, ambalo wengi hulisahau mpaka siku ya haja.

Jambo la pili ni kashata. Tairi jipya la gari ndogo huwa na kina cha takriban milimita 7 hadi 8. Ndani ya mifereji yake mna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Japani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeufanya huo kuwa ukomo wa kisheria. Lakini wakati wa masika, maji yanapotuama barabarani, tairi huanza kushindwa kuyafukuza maji mapema zaidi. Kina kikishuka chini ya milimita 3, mnunuzi mwenye busara huanza kutafuta jingine.

Jihadharini pia na kashata zilizochongwa upya kwa kisu cha moto. Tairi la gari ndogo halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kila mchongo huufanya mpira kuwa mwembamba juu ya nyuzi zinazolibeba tairi. Na jihadharini na rangi nyeusi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pangusa rangi kwa kitambaa, kisha utazame kilichofichwa: ufa, uvimbe, au kiraka ubavuni. Pancha ya usoni huzibika vyema. Jeraha la ubavuni halizibiki. Wanaopita njia za mawe ya matumbawe kuelekea fukwe wanajua jinsi jiwe kali linavyokata ubavu, na tairi lililokatwa hivyo halistahili kuuzwa tena.

Jambo la tatu linatuhusu sana kwa sababu magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Nchi ile ina theluji, na baadhi ya magari hufika hapa yakiwa na matairi ya theluji. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usigande katika baridi. Ukiuleta katika barabara yenye joto la Unguja, huwa laini kupita kiasi: gari hukawia kusimama, huyumba katika kona, na kashata huisha upesi. Mnunuzi hudanganyika kwa sababu kashata za tairi hili ni nene na zimekatwakatwa kwa mistari mingi myembamba, hata likaonekana imara kuliko mengine. Ulitambue kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Ukiviona, usilinunue, hata kwa nusu ya bei.

La nne ni ukubwa na uzito. Chukua tairi la 195/65 R15 91H, linalotumika katika magari mengi ya familia. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hapo wengi huishia. Lakini alama zinazofuata ndizo zinazolinda roho za watu: 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa.

Sasa tazameni gari za abiria aina ya Hiace. Tairi lake la 195/80 R15 huandikwa 107, yaani kilo 975. Yapo matairi ya ukubwa uleule, 195/80 R15, yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari ndogo za jipu, yenye alama 96, yaani kilo 710. Yote mawili huingia katika ringi ileile, na kwa macho yanalingana. Lakini anayeweka la pili badala ya la kwanza amepunguza kilo 265 za uwezo katika kila gurudumu, kisha akapakia abiria walewale na mizigo ileile juu ya kichwa cha gari. Mwenye daladala asiulize tu kama tairi linaingia. Aulize linabeba kiasi gani. Alama zinazohitajika zimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Isizidi hizo kushuka chini yake.

La tano: ukiwa na fedha za matairi mawili tu, nunua mawili yanayofanana, na uyaweke nyuma. Tunajua kuwa desturi ya wengi ni kuyaweka mbele. Lakini matairi ya mbele yakiteleza katika maji, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, na akipunguza mwendo taratibu aghalabu huirejesha gari. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka yenyewe, na ni madereva wachache wanaoweza kuizuia. Mazuri yakae nyuma.

La sita ni upepo, kwani tairi jema huuliwa na upepo mbaya. Karatasi ile ya mlangoni, kwa magari ya Japani, huandika kipimo kwa kilopaskali, hali vipimo vya wajaza upepo wetu husoma paundi. Gawa kwa 7, utakaribia: 220 ni takriban paundi 32, na 240 ni takriban 35. Pima asubuhi, kabla tairi halijapata moto. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, likapata joto kutoka ndani, na joto hilo ndilo huibandua kashata katika safari ndefu.

Ndugu zetu, tunajua kuwa maneno haya yana gharama. Hatumlaumu mtu anayenunua tairi la mtumba kwa kuwa mfuko wake haumruhusu jingine. Tunamwomba apige hesabu moja. Tuseme tairi jipya litatumika miaka 5, na kuukuu, kwa nusu ya bei, litatumika mwaka 1. Anayenunua kuukuu kila mwaka atalipa, katika miaka hiyo 5, mara mbili na nusu ya bei ya jipya, na hapo hatujahesabu pancha wala siku gari iliyolala gereji. Ikiwa hapana budi ya mtumba, basi uwe wa miaka michache, usio kiraka ubavuni, usio wa theluji, wenye alama za uzito zinazostahiki. Umasikini haumwondolei mtu haki ya kusoma anachonunua.

Mwisho, risiti. Dereva wetu wa teksi alikuwa na tairi lililobanduka mkononi, lakini hakuwa na karatasi. Muuzaji alimjibu kwa upole kabisa, "Bwana, wewe hukununua kwangu," na shauri likaishia hapo. Dai risiti inayotaja ukubwa wa tairi, zile tarakimu nne, na kama ni jipya au limetumika. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kuyaandika hayo. Karatasi hiyo humlinda na yeye. Zanzibar inayo Taasisi ya Viwango, yenye kazi ya kusimamia ubora wa bidhaa, na inayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyopewa na sheria jukumu la kumlinda mtumiaji. Lakini mlalamikaji asiye na ushahidi huwafunga mikono hata wale wanaotaka kumsaidia.

Kabla hatujaagana, tuna ombi moja. Wengi wenu mmekuja kwa gari, na nyengine zimeegeshwa hapo nyuma yetu. Mkifika kwenye gari zenu, washeni taa ya simu, muiname, mtafute tarakimu nne katika kila tairi, na la akiba lisisahauliwe. Ni kazi ya dakika tano. Mkikuta mwaka ulio mbali, msiende nayo Nungwi wala Makunduchi kesho. Nendeni nayo kwa fundi. Na wale mlio abiria, muulizeni dereva wenu kwa adabu amewahi kuzisoma lini. Yeye anashika usukani, lakini roho zilizomo garini ni zenu nyote.

Safari njema.