Tuangalie Puli, Si Mkanda Peke Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kilichojificha mbele ya injini ya gari, nacho ni puli. Labda mwashangaa. Lakini katika sehemu zetu za Awendo gari kuukuu la mtu mmoja huwa ni gari la wengi. Ndilo linalogongewa mlango usiku mama akishikwa na uchungu, ndilo linalobeba kwaya, ndilo linalopeleka mgonjwa Migori. Likizima njiani, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Kila aliyepeleka mahindi kinuni amekwisha kuona puli. Ni lile gurudumu la chuma lenye mfereji, ambalo mkanda hulizunguka ukichukua nguvu za injini na kuzipeleka kwenye kinu. Katika gari mambo ni yayo hayo. Puli ya chini imefungwa kwenye krankshafti. Mkanda hutoka hapo ukazungusha pampu ya maji, feni, na altaneta inayochaji betri. Katika magari mengi ya zamani mkanda mmoja tu hufanya kazi hizo zote. Ukikatika, taa ya betri huwaka, maji husimama, na injini huanza kuchemka. Dereva akisema, "Twende tu, tumekaribia," silinda hedi hupinda, na gharama yake yaweza kupita bei ya gari lenyewe.

Basi, watu wengi hukagua mkanda wakaisahau puli. Gari moja tunalolijua, la mwalimu mmoja, lilikula mikanda mitatu kati ya Pasaka na sikukuu ya mavuno. Mwenyewe alilaumu duka, akalaumu barabara, akamlaumu hata kijana aliyeufunga. Mwishowe mzee mmoja fundi, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe, aliutoa mkanda, akapitisha kidole polepole ndani ya mfereji wa puli ya altaneta. "Mwalimu," akasema, "hapa pana kisu. Hata ukinunua mkanda wa kumi, utakatwa tu." Ukingo wa puli ulikuwa umemeguka. Ikapatikana puli nyingine katika gari lililokufa, na maneno ya kulaumu duka yakaisha.

Inafaa tufahamu jinsi mkanda unavyoshika. Mkanda wa namna ya zamani umechongwa kama herufi V, nao hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Mfereji ukilika, mkanda huzama mpaka chini, ukateleza, ukapata joto, ukalia. Kwa hiyo tazameni chini ya mfereji: paking'aa kama kioo, jueni mkanda umekuwa ukigusa hapo. Ama puli imechoka, ama mkanda si wa kipimo chake. Wengine hupaka sabuni ili unyamaze. Sisi hatukubaliani na jambo hilo hata kidogo. Kelele ile inawaambia kuna kosa, nanyi mnaiziba mdomo! Oili na grisi ni mbaya zaidi, maana huozesha raba.

Kukagua si kazi ngumu. Zimeni injini, toeni ufunguo, ngojeni ipoe, mfungue na waya wa betri. Legezeni altaneta, mkanda utoke. Kisha zungusheni kila puli kwa mkono. Yapasa izunguke kimya. Ikikwaruza kama mchanga katika unga, beringi inakwisha. Itikiseni pia. Puli ya pampu ya maji ikicheza, au mkiona alama ya maji yaliyotiririka chini yake, pampu hiyo haitawafikisha mbali. Tazameni vilevile kama mifereji imelingana, mkanda uende moja kwa moja bila kupinda. Mara nyingi altaneta iliyofungwa bila washa yake ndiyo huuvuta mkanda upande, na vumbi jeusi la raba huonekana hapo.

Katika magari mengine puli ya krankshafti ni pete mbili za chuma zenye raba katikati. Raba ikizeeka, pete ya nje huyumba. Hiyo hainyooshwi kwa nyundo, hubadilishwa nzima.

Kwetu huku kuna adui mwingine. Tangu kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilipoanzishwa mwaka 1976, njia zetu nyingi zimekuwa njia za miwa, na wakati wa mvua matrekta huzichimbua vibaya. Tope huganda katika mfereji likakauka, likaula mkanda kama msasa. Na gari likikaa muda mrefu bila kutumika, puli hushika kutu. Suguweni kwa brashi ya waya, mkafute kwa kitambaa kikavu.

Tukumbuke pia yule mwanafunzi wa manabii katika siku za Elisha, ambaye chuma cha shoka lake kilitumbukia Yordani. Kilichomliza ni kwamba shoka lilikuwa la kuazima. Gari la parishi nalo ni la kuazima, maana limenunuliwa kwa kuku na magunia ya mavuno ya watu. Basi dereva wa kanisa afungue boneti Jumamosi, si Jumapili asubuhi kwaya imekwisha kupanda.

Mkirudisha mkanda, bonyezeni kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu. Ushuke kama sentimita 1 au zaidi kidogo, ila kitabu cha gari kikisema vingine, kifuateni. Uliokazwa mno huua beringi. Mkanda mpya hurefuka, kwa hiyo ukazwe tena baada ya siku chache. Ule wa zamani, kama haujapasuka, msiutupe. Uwekeni nyuma ya kiti pamoja na spana zake.