Ukomo wa Hedhi: Dalili Zake na Muda Wake
Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa dawa, Songea, Mkoa wa Ruvuma



Hapa Songea, baridi ya Juni huwafanya watu wajifunike mablanketi. Mwanamke anayeamka usiku akiwa amelowa jasho hudhani ni malaria, na asubuhi hununua dawa mseto bila kupima. Apime kwanza. Endapo hana vimelea, huenda mwili wake unaelekea ukomo wa hedhi.

Ukomo wa hedhi si ugonjwa. Ovari hupunguza, na hatimaye kuacha, kutoa homoni ya estrojeni. Wanawake wengi huufikia wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 55, na huhesabiwa kuwa umetimia hedhi inapokosekana kwa miezi 12 mfululizo. Kabla ya hapo, mimba bado yaweza kutungwa.

Je, dalili hudumu kwa muda gani? Wengi huambiwa mwaka mmoja au miwili. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionesha kuwa, miongoni mwa wanawake waliopatwa mara kwa mara na joto la ghafla na jasho la usiku, nusu waliendelea kusumbuliwa kwa zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, muda huo ulizidi miaka 10.

Kwa hiyo, anayekuuzia chupa isiyo na lebo akiahidi kumaliza yote kwa wiki moja, anauza ahadi. Dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Uliza usajili, soma viambato na tarehe ya kuisha muda, nawe udai risiti.

Dawa za homoni zipo na huwasaidia wengi, lakini hutolewa kwa cheti cha daktari. Mweleze iwapo umewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu katika mishipa.

Usikae nyumbani ukitokwa damu baada ya hedhi kukoma, au hedhi ikikoma kabla ya miaka 40. Fika kituo cha afya mapema.

Nanyi akina baba, mama akilalamikia joto usiku wa baridi, msimcheke, msindikizeni akapimwe.