Baiskeli, pikipiki au lori: tupime safari kabla ya kuondoka

Hapa Manono, mwenye haraka huona pikipiki ndiyo jibu la kila safari. Tupime vizuri. Reli iliyotoka Kabalo na kufika Kalemie mwaka 1915 haipiti kwetu. Hivyo bidhaa na wagonjwa hutegemea barabara za udongo. Pikipiki hupita palipomshinda dereva wa lori, lakini inakunywa mafuta yaliyotoka mbali, na bei yake humwangukia abiria. Kwa mwendo wa sokoni au shambani, baiskeli hubeba gunia la mihogo, haiombi mafuta, na fundi wa mtaani huitengeneza.

Mtu atasema: muda nao ni mali. Ni kweli, na kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa pikipiki huokoa maisha. Lakini njia ikiloa mvua, anayeokoa nusu saa anaweza kuvunjika mguu. Utafiti unaonyesha kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 40 hivi. Basi idai kofia hiyo, na ukatae kupakiwa watatu. Mzigo mzito wa mbali usubiri lori na jua. Jiulize kwanza: nabeba nini, naenda umbali gani, barabara ikoje? Ndipo ulipe nauli.