Ncha za Mishiri

Msikilizaji, juzi alasiri nilisimama katika banda la kukusanyia mishiri upande wa Naro Moru, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Wanawake wanne walikuwa wameinamia meza, mikono ikienda mbio: mshiri ulionyooka kwenye kreti, uliopinda chini, mwembamba kwenye kreti, ulionenepa chini. Mama mmoja aliinua mshiri, akautazama, akautupa. Nikauokota, nikauvunja. Tak! Majimaji yakanirukia kidoleni. Haukuwa na doa wala tundu la mdudu. Kosa lake lilikuwa kupinda tu. Jua lilipoanza kutua, rundo la waliokataliwa lilikuwa linanifika magotini, na aliyekuja kulichukua ni jirani mwenye ng'ombe.

Mishiri ile ilipandwa kwa mbegu ya kununuliwa, ikapaliliwa, ikamwagiliwa. Ilikunywa maji ya mito inayoshuka Mlima Kenya na kuingia Ewaso Ng'iro, maji ambayo mfugaji wa Isiolo huyangoja kwa hamu wakati wa kiangazi. Duka la Ulaya likituambia habari za ununuzi unaotunza mazingira, mimi nataka kwanza lilitazame rundo hili.

Maana mkulima wetu amekwisha kufanya sehemu yake. Mwaka 1997 maduka makubwa ya Ulaya yaliungana kutunga masharti ya kilimo, yale ambayo leo yanaitwa GLOBALG.A.P. Mwenye nusu ekari akaambiwa awe na choo karibu na shamba, stoo ya dawa yenye kufuli, maji ya kunawa, na kitabu cha kuandika kila alichopulizia na tarehe yake. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukaanza kupima mabaki ya dawa katika shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na njegere kutoka Kenya. Sipingi hata sharti moja kati ya hayo. Dawa humdhuru anayebeba pampu mgongoni kabla haijamfikia mlaji wa London. Ninachopinga ni kwamba kitabu cha mkulima kinakaguliwa ukurasa kwa ukurasa, na cha mnunuzi hakifunguliwi kamwe mbele yake. Mnunuzi akipunguza oda leo, mishiri ya kesho imeshakomaa. Usipochuma, siku mbili tu imenenepa, na hakuna anayeitaka.

Huko Uingereza wanalielewa jambo hili. Tangu mwaka 2010 maduka yao makubwa ya vyakula yamewekewa kanuni za kuwatendea haki wanaoyauzia, na tangu 2013 yupo msimamizi mwenye mamlaka ya kuyachunguza. Mwaka 2016 msimamizi huyo alitangaza wazi kwamba Tesco, mojawapo ya maduka hayo, ilikuwa ikichelewesha malipo ya wauzaji wake. Ni kazi nzuri. Ila kanuni hizo zinamlinda yule anayeliuzia duka moja kwa moja. Msafirishaji wa Nairobi anayeuza hivyo anaweza kukimbilia kwa msimamizi. Mama wa Naro Moru, aliyempa msafirishaji huyo mali, hana mlango wa kubisha.

Na tusiambiwe kwamba mambo haya hayabadiliki. Tesco hiyo hiyo, wanaharakati walipopiga kelele kuhusu chakula kinachotupwa, ilikubali mishiri ya Kenya ikatwe ncha moja badala ya mbili. Neno moja lilisemwa Uingereza, na kisu kikatua mezani huku kwetu. Basi liongezwe jingine: uliopinda nao ununuliwe, hata kwa bei ya chini kidogo. Oda iandikwe wiki kadhaa kabla, na ikiandikwa isimamiwe. Gharama ya ukaguzi ichangiwe na anayeudai. Serikali za kaunti za Nyeri, Laikipia na Kirinyaga zina sauti. Wanunuzi wakija kupiga picha mashambani, ziwaulize haya kabla ya chai.

Lori lilifika saa moja usiku. Kreti zikapimwa, zikapakiwa, na yule mama akapewa risiti. Aliniomba nimsomee kwa mwanga wa simu. Tarehe ilikuwapo, na kilo zilikuwapo. Mahali pa bei palikuwa peupe.